Ubeberu na Maasi ya Wakulima wa China: Mgeni Aliingia Kijijini kwa Njia Gani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha historia sekondari, Tabora. Kitabu ninachotumia kinasema kwa mstari mmoja tu kwamba ubeberu wa kigeni ndio uliosababisha maasi ya wakulima wa China katika karne ya 19. Wanafunzi wameniuliza mambo matatu nikakwama. Kama chanzo ni ubeberu, mbona Taiping, waasi wakubwa wa katikati ya karne hiyo, walipigana na serikali yao wenyewe na si na Waingereza? Mbona Boxer, waasi wa 1900 waliowachukia wageni, walisema wanaiunga mkono serikali hiyohiyo? Na je, ni sawa kuwalinganisha na Maji Maji yetu?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Wanafunzi wako wamegusa penyewe, na mstari ule wa kitabu hauwezi kuyabeba maswali yao. Ubeberu haukuwafundisha wakulima wa China kuasi. Walikuwa wakiasi tangu karibu miaka elfu mbili kabla Mwingereza hajatia nanga Guangzhou, bandari ya kusini. Ubeberu ulifanya mambo mawili. Kwanza uliongeza uzito juu ya watu waliokuwa tayari wamelemewa, na mara nyingi kwa njia ambayo wao wenyewe hawakuiona. Pili, mambo yalipolipuka, ulikuwa na sauti kubwa katika kuamua nani abaki madarakani. Mkulima wa Hunan, jimbo la ndani, angeweza kuishi na kufa bila kumtia machoni Mzungu hata mmoja, lakini kile alicholipa kwa mtoza kodi kilikuwa kimeguswa na meli za afyuni zilizofika pwani mamia ya kilomita kutoka kwake. Kwa hiyo mimi, kila ninapokutana na uasi wa zama zile, nauliza jambo moja tu: hapa mgeni aliingia kijijini kwa njia gani?

Tuanze kabla ya wageni, kwa sababu vitabu vingi vinaanza na Vita vya Afyuni, vya Uingereza dhidi ya China, kana kwamba China ilikuwa imelala. Mwaka 209 KK Chen Sheng na Wu Guang, watu wa shamba waliokuwa wakipelekwa mpakani kwa lazima, walicheleweshwa na mvua. Adhabu ya kuchelewa waliijua ni kifo, basi wakaona heri wafe wakiasi, na miaka michache baadaye dola ya Qin ilikuwa imekwisha. Zhu Yuanzhang, yatima wa familia ya wakulima mafukara aliyepata kuwa mtawa wa Kibudha, aliibuka kutoka katika maasi ya wenye vilemba vyekundu na mwaka 1368 akaanzisha nasaba ya Ming. Nasaba hiyohiyo iliangushwa mwaka 1644 na mwasi mwingine, Li Zicheng, aliyeingia Beijing huku mfalme akijinyonga. Vurugu hizo ndizo zilizowapa Wamanchu nafasi ya kuingia na kusimika nasaba yao ya Qing. Kwa fikra za Kichina mfalme alitawala kwa idhini ya Mbingu, na njaa, mafuriko na maasi yakizidi, watu walianza kunong'ona kwamba idhini imeondolewa. Uasi ulikuwa na nafasi yake katika siasa, na kila mtawala alilijua hilo.

Karne ya 18 ilileta kitu kipya, nacho hakikuwa mizinga. Mahindi na viazi vitamu, mazao yaliyotoka Amerika, yaliwawezesha watu kulima milima ambayo mpunga haukuweza kukaa. Idadi ya watu ikapanda mpaka zaidi ya milioni 400 kufikia katikati ya karne ya 19, huku idadi ya maofisa wa serikali ikibaki karibu palepale. Hakimu mmoja wa wilaya alisimamia watu laki mbili au tatu, akiwategemea makarani na matarishi waliojilipa kwa kumkamua raia. Uasi wa White Lotus, uliowaka kuanzia 1796 hadi 1804 katika milima ya Hubei, Sichuan na Shaanxi, ulizaliwa humo: wahamiaji maskini, dhehebu lililongoja mwisho wa dunia, na maofisa walafi. Kuuzima kuliigharimu hazina zaidi ya taeli milioni 100 za madini ya fedha (taeli moja ni kama gramu 37). Waandikie wanafunzi mwaka huo 1796 ubaoni. Ni zaidi ya miaka 40 kabla ya Vita vya kwanza vya Afyuni.

Sasa afyuni. Mwanzoni mwa karne ya 19 makasha kama 4,000 kwa mwaka yaliingia China, kila kasha na kilo 60 na kitu. Kufikia 1838 yalikuwa karibu 40,000, mengi yakitoka India na kuingizwa kwa magendo. Afyuni ililipiwa kwa madini ya fedha, nayo fedha ikaanza kutoka nchini. Hapa nakaa kidogo, kwani hii ndiyo njia ambayo kitabu chako hakiisemi.

China ya Qing ilikuwa na sarafu za aina mbili. Mkulima aliuza mpunga, kuku na uzi kwa sarafu za shaba, zile zenye tundu katikati. Lakini kodi ya ardhi ilihesabiwa kwa taeli za fedha. Kwa desturi taeli moja ilibadilishwa kwa sarafu 1,000 za shaba. Fedha ilipoadimika bei yake ilipanda, na kufikia miaka ya 1840 taeli moja ilitaka sarafu 2,000 na zaidi katika majimbo mengi. Chukua mkulima anayedaiwa taeli moja. Katika daftari la serikali kodi yake haijaongezwa hata chembe. Nyumbani kwake anauza mpunga mara mbili ya ule aliouza baba yake ili kulipa deni lilelile, na karani anayepokea anajiwekea kiwango chake cha kubadilisha fedha, cha juu kuliko cha sokoni. Katika miaka ya 1840 watu wa mabonde ya Yangzi waligoma kulipa, wakavunja ofisi za kodi na kuwapiga makarani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyempiga Mwingereza. Wangempigia nini? Hawakumwona.

Nikuongezee tahadhari moja, usije ukabanwa na mwanafunzi msomaji. Si fedha yote iliyopotea kwa sababu ya afyuni. Vita vya uhuru vilivyoanza 1810 Mexico na Amerika ya Kusini vilivuruga migodi iliyokuwa ikilisha dunia nzima fedha, kwa hiyo hata fedha iliyokuwa ikiingia China ilipungua. Kwa maoni yangu afyuni ilibeba sehemu kubwa ya lawama, ila anayesema ilibeba yote anarahisisha mno.

Vita vyenyewe, 1839 hadi 1842, viliwagusa wakulima wachache ana kwa ana. Walioguswa walijibu: Mei 1841 wanakijiji wa Sanyuanli, karibu na Guangzhou, walikusanyika kwa maelfu na majembe na mikuki yao kuwazingira askari wa Kiingereza na wa Kihindi waliokuwa wakipora na kufukua makaburi. Maofisa wa Qing ndio waliowaomba watawanyike, kwa sababu fidia ya kuunusuru mji ilishakubaliwa. Kisa hicho kina uzito kuliko ukubwa wake, maana ndipo minong'ono ilipoanza kwamba raia wanawaogopesha wageni, na wageni wanawaogopesha maofisa.

Mkataba wa Nanjing wa 1842 uliifungua bandari ya Shanghai na nyingine nne. Biashara ya chai na hariri, iliyokuwa yote ikishuka kusini mpaka Guangzhou, ikahamia Shanghai. Wapagazi waliobeba chai kuvuka milima na mabaharia wa mito ya kusini walibaki bila kazi, kwa maelfu. Manowari za Kiingereza zikawafukuza maharamia baharini, nao wakapanda mito na kuingia Guangxi, jimbo maskini ambako Wahakka, wahamiaji wenye lahaja na desturi zao, walikuwa tayari wakigombania ardhi na wenyeji. Mwaka 1849 na 1850 njaa ikaja. Katika mchanganyiko huo ndipo Taiping walipotokea.

Kiongozi wao, Hong Xiuquan, Mhakka aliyezaliwa 1814 karibu na Guangzhou, alifeli mtihani wa kuingia utumishi wa dola mara nne. Baada ya kufeli mara moja aliugua akaota amepaa mbinguni na kupewa upanga wa kuua mashetani. Mwaka 1843 alisoma kijitabu cha Kikristo kilichoandikwa na Mchina mwenzake, Liang Fa, kijitabu alichokuwa nacho kwa miaka kadhaa bila kukijali, na ndoto ikamfumbukia: yule mzee wa mbinguni ni Mungu, kaka mkubwa aliyemwona ni Yesu, na yeye mwenyewe ni mdogo wake Yesu. Mashetani walikuwa sanamu, na muda si mrefu wakawa Wamanchu. Rafiki yake Feng Yunshan alilipeleka neno hilo kwa wachoma mkaa, wachimba migodi na wakulima wa milima ya Guangxi. Januari 1851, kijijini Jintian, wakatangaza Ufalme wa Mbinguni wa Amani Kuu. Machi 1853 waliiteka Nanjing wakaifanya mji mkuu.

Hapo swali la kwanza la wanafunzi linajibika. Taiping hawakupigana na Waingereza kwa sababu katika ramani yao ya dunia adui alikuwa Mmanchu, na Wazungu walikuwa waumini wenzao, ndugu wa ng'ambo. Waliamini kabisa kwamba watasaidiwa. Ardhi, kwa waraka wao wa 1853, ilikuwa igawanywe kwa vichwa, mwanamke kwa mwanamume, ingawa vitani haikutekelezwa kwa sehemu kubwa. Afyuni walipiga marufuku, pamoja na kufunga miguu ya wasichana. Ubeberu, basi, uliwapa Taiping dini yao kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ukawapa wafuasi: wapagazi wasio na kazi, watu waliolemewa na kodi, majambazi waliofukuzwa pwani. Mwasi mwenyewe hakuhesabu hivyo. Sisi ndio tunaoona baada ya miaka 170.

Na wageni je? Mwanzoni walitazama tu. Aprili 1853 gavana wa Hong Kong, George Bonham, alifika Nanjing kwa meli kuwachunguza, akarudi na habari kwamba Uingereza isiegemee upande wowote. Kilichobadili mambo ni Vita vya pili vya Afyuni. Tazama Agosti 1860, mwezi ninaoupenda kuutumia darasani: kaskazini, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yanateka ngome za Dagu ili kuilazimisha serikali ya Qing isalimu amri, siku hizohizo, Shanghai, askari wa mataifa hayohayo mawili wanawafyatulia Taiping risasi ili Qing wasipoteze mji. Oktoba wakaichoma Yuanmingyuan, kasri la kiangazi la mfalme. Tangu hapo serikali ya Beijing ilidaiwa taeli milioni nane na kila mmoja wao, deni lililolipwa kutoka ushuru wa forodha, na idara ya forodha yenyewe ilikuwa imeshaanza kusimamiwa na wageni. Bandari za Mto Yangzi zilikuwa zimefunguliwa kwa karatasi, ila Taiping walikuwa wamekaa katikati ya mto. Mdai hapendi mdaiwa wake afe.

Ndipo lilipokuja jeshi la mamluki lililoongozwa na Mmarekani Frederick Townsend Ward na, alipouawa 1862, na Mwingereza Charles Gordon kuanzia 1863. Waandishi wa Kiingereza wamemtukuza Gordon kupita kiasi. Waliowamaliza Taiping hasa ni majeshi ya Zeng Guofan wa Hunan na Li Hongzhang, yaliyoandikishwa vijijini na mabwana wa ardhi wa Kichina na kulipwa kwa ushuru mpya wa njiani, lijin, ambao ulimwangukia mkulima yuleyule. Taiping nao walijidhoofisha wenyewe, kwa kuchinjana viongozi mwaka 1856. Nanjing ilianguka Julai 1864. Waliokufa katika miaka ile, kwa makadirio ya kawaida, ni milioni 20 au zaidi, wengi kwa njaa na maradhi. Gordon huyo, kwa taarifa yako, ndiye aliyekuja baadaye kutawala Equatoria kwa niaba ya Misri, na ndiye aliyemshauri Khedive atafute njia ya kufika pwani yetu; mwaka 1875 meli za Misri zikashusha askari Barawa na Kismayu, katika milki ya Sayyid Barghash, kabla Uingereza haijawataka waondoke. Akauawa Khartoum mwaka 1885 na wafuasi wa Mahdi.

Wanian nawapita haraka. Walipigana kati ya Mto Huai na Shandong kuanzia miaka ya 1850 hadi 1868, wapanda farasi wa vijiji vyenye ngome, na chanzo chao kilikuwa zaidi ni mafuriko, hasa Mto wa Njano ulipohama mkondo mwaka 1855, na ufukara wa siku nyingi wa eneo lile. Nafasi ya mgeni katika kisa chao ni ndogo sana. Wataje darasani kwa sababu hiyo: ni uasi mkubwa wa zama za ubeberu ambao ubeberu hauuelezi.

Boxer ni habari nyingine. Jina lao lilikuwa Yihetuan. Wazungu waliwaita Boxer kwa sababu ya mazoezi yao ya ngumi. Hapa mgeni aliingia kijijini kwa miguu yake, na alikuja na mkataba mkononi.

Baada ya 1860 wamisionari waliruhusiwa kuishi na kumiliki mali ndani kabisa ya nchi, nao hawakuweza kushtakiwa mbele ya mahakama ya Kichina. Mchina aliyebatizwa alibaki chini ya sheria ya nchi yake, lakini akiwa na kesi ya shamba, padre angeweza kumwandikia hakimu, na hakimu aliyejua kwamba nyuma ya padre yupo balozi, na nyuma ya balozi ipo manowari, alihukumu ipasavyo. Kijiji cha Liyuantun, mpakani mwa majimbo ya kaskazini ya Shandong na Zhili, kinatosha kuwa mfano. Mwaka 1869 Wakatoliki na wanakijiji wengine waligawana mali ya kijiji, na kiwanja cha hekalu la Mfalme wa Jade, mungu wa Kichina, kikaangukia kwa Wakatoliki, ambao walitaka kujenga kanisa palepale. Kesi ikaenda na kurudi karibu miaka 30. Kila wanakijiji waliposhinda wilayani walishindwa juu. Mwishowe wakamwita Zhao Sanduo, mwalimu wa shule ya ngumi iitwayo Ua la Plamu, na wanafunzi wake wengi. Wakatoliki hao, tusisahau, wengi walikuwa wakulima maskini vilevile, na baadhi waliingia kanisani kutafuta mahali pa kujikinga na wakubwa wa kijiji.

Ukitaka ubeberu wa kuandikwa katika vitabu vya shule, upo pia. Japan iliishinda China mwaka 1895 na kudai taeli milioni 200, na nyingine milioni 30 kwa kuirudisha rasi ya Liaodong. Mapato ya mwaka ya serikali hayakufika milioni 100, kwa hiyo ilikopa kwenye mabenki ya Ulaya kwa rehani ya forodha, na kuwapunguza askari ili kubana matumizi. Askari waliofukuzwa wakazagaa Shandong bila kazi. Novemba 1897 wamisionari wawili wa Kijerumani waliuawa wilayani Juye, na kabla nusu mwezi haujapita manowari za Kijerumani ziliteka ghuba ya Jiaozhou. Kaiser Wilhelm II alikuwa akiitafuta bandari ya China tangu zamani, akapata kisingizio. Urusi, Uingereza na Ufaransa nazo zikachukua zao. Meli za moshi zilizobeba mpunga wa kodi kwa njia ya bahari ziliwanyang'anya mabaharia wa Mfereji Mkuu riziki yao, na reli mpya ikawatisha wenye mikokoteni. Uzi wa viwandani ukawashinda wanawake waliosokota nyumbani.

Hata hivyo, hayo yote yasingewasha moto bila mbingu. Mwaka 1898 Mto wa Njano ulifurika Shandong, kisha mvua ikagoma, na kufikia masika ya 1900 uwanda wa kaskazini ulikuwa mkavu. Vijana wa vijiji vya ngano na mtama hawakuwa na la kufanya shambani. Mabango yalisema mvua haishuki kwa sababu makanisa yameizuia mbingu. Jioni, uwanjani mwa hekalu, vijana walijifunza kusujudu, kusoma maneno ya siri, mpaka wakapandisha: huyu ameingiwa na Guan Yu, yule na Mfalme Nyani, miungu na mashujaa waliowaona katika maigizo ya sikukuu tangu utotoni. Aliyepandisha aliaminiwa kwamba panga wala risasi haimwingii. Wasichana walikuwa na vikundi vyao, Taa Nyekundu. Hakukuwa na makao makuu wala amri kutoka juu, na ndiyo sababu harakati ilienea kwa kasi ile. Ilihitaji mwalimu mmoja na kiwanja.

Na sasa swali la pili: mbona waliandika "unga mkono Qing, angamiza wageni"? Sababu ya kwanza ni ya wazi, nayo ni kwamba kaulimbiu hiyo iliwakinga. Kikundi cha wanamgambo wanaoilinda serikali kina haki ya kuwepo, na dhehebu la siri linakatwa vichwa. Sababu ya pili ni ya kweli zaidi. Kwa mwanakijiji wa Liyuantun, hakimu hakuwa adui bali mtu aliyelazimishwa. Qing wenyewe walikuwa wamepigwa, wamenyang'anywa bandari, wamedhalilishwa na wale wale. Januari 1900 Cixi, mjane wa mfalme aliyekuwa na madaraka yote, alitoa amri iliyosema si kila kikundi cha mazoezi ni cha majambazi, na vijijini ilisikika kama ruhusa. Lakini serikali hiyohiyo ilikuwa na Yuan Shikai, gavana mpya wa Shandong, aliyewapiga Boxer mpaka wakakimbilia jimbo jirani la Zhili, na kutoka huko wakafika Tianjin na Beijing.

Yaliyofuata unayajua: reli na nyaya za telegrafu zikang'olewa, Qing wakatangaza vita Juni 21, balozi zikazingirwa siku 55, na majeshi ya mataifa manane yakaingia Beijing Agosti 14, 1900. Magavana wa kusini walikataa kuipigania amri ya Beijing na wakafanya mapatano yao na mabalozi wadogo wa Shanghai. Waliouawa na Boxer, tukihesabu kwa haki, kwa idadi kubwa kabisa walikuwa Wakristo wa Kichina. Waliouawa na majeshi ya kigeni, yakisafisha vijiji vya Zhili mpaka 1901, wengi walikuwa wakulima ambao hata ngumi hawakujua kurusha.

Kuhusu kitabu chako: mstari ule hautoki hewani. Mao Zedong aliandika mwaka 1939 kwamba maasi ya wakulima ndiyo nguvu halisi iliyosukuma historia ya China, na akaweka ubeberu na ukabaila kuwa maadui wawili wakubwa. Wanahistoria wa Jamhuri ya Watu waliifuata fremu hiyo, na waliosoma vijitabu vya Kiswahili vilivyochapwa Peking zamani za Ujamaa wataikumbuka. Si fremu ya kutupwa. Ubaya wake ni kwamba inawaweka Taiping na Boxer kwenye mstari mmoja, kana kwamba mmoja alimkabidhi mwenzake kijiti. Hata wenye fremu waliona taabu: kwenye Mnara wa Mashujaa wa Umma uwanjani Tiananmen, michongo imeanza na kuharibiwa kwa afyuni 1839, ikafuata Jintian 1851, kisha Wuchang 1911, mapinduzi yaliyoiangusha Qing. Boxer hawamo.

Maji Maji, sasa. Mlinganisho una mguu wa kusimamia. Imani ya kukingwa na risasi ipo pande zote mbili, na adui Mjerumani pia. Lothar von Trotha, aliyekuwa kamanda wa jeshi la kikoloni hapa Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1890, alikwenda China na brigedi ya Kijerumani mwaka 1900, kisha 1904 akawaangamiza Waherero huko Namibia. Mtu mmoja, nchi tatu. Ila waonyeshe wanafunzi tofauti mbili. Maji ya Kinjikitile Ngwale yalikuwa na chemchemi moja, Ngarambe, na wajumbe walioyapeleka. Miungu ya Boxer ilimshukia kijana yeyote popote. Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Mmatumbi wa 1905 alitozwa kodi na kulimishwa pamba na akida aliyewekwa na Mjerumani, na juu ya akida hakukuwa na serikali ya kwao ya kuiunga mkono. Mkulima wa Zhili alitozwa na hakimu wa mfalme wake mwenyewe, na mgeni alisimama nyuma ya pazia.

Pazia hilo lilipasuka mapema. Mkataba wa Septemba 1901 uliidai China taeli milioni 450, kama taeli moja kwa kila kichwa, kwa miaka 39; pamoja na riba ni zaidi ya milioni 980. Juu ya hizo zikaja fidia za makanisa, zilizokusanywa wilaya kwa wilaya, kijiji kwa kijiji, kutoka kwa watu waliotoka kwenye ukame na vita. Wilayani Guangzong, kusini mwa Zhili, hakimu alipopandisha tozo ya fidia, Jing Tingbin, mtu aliyefaulu mtihani wa kijeshi wa dola na mwenye heshima kijijini, aliwaongoza watu kukataa. Mwaka 1902 kukataa kukawa uasi wa wilaya kadhaa, na bendera zao ziliandikwa: fagia Qing, angamiza wageni. Ni jimbo lilelile la Boxer, miaka miwili tu baada yao. Askari wa Yuan Shikai walimkamata Jing na kumuua mwaka huohuo, na tozo ikaendelea kukusanywa.